Kisu Cheusi, Sufuria Nyeupe

Nyumbani kwetu Kaloleni, Kisumu, sufuria zilisuguliwa kwa jivu na mchanga mpaka ukajiona uso, lakini visu viliachwa vyeusi. Mgeni aliyeingia jikoni mara ya kwanza angedhani watoto wa nyumba ile ni wavivu, wanafanya kazi nusunusu. Sufuria zilikuwa za alumini, zikianikwa uani mbele ya macho ya majirani, na heshima ya nyumba ilikuwa juu yake. Kisu cha mama kilikuwa cha chuma cha kaboni, kilichofuliwa Kibuye, na weusi wake ndio uliokilinda. Ungeweza kuvunja sahani ukasamehewa kabla ya chakula cha jioni. Kukisugua kisu kile kikang'aa lilikuwa jambo jingine.

Mama aliuza samaki katika Soko la Jubilee, miaka ya 1980. Ngege walikuwa bado wapo, pamoja na kamongo na mumi, na mbuta alikuwa akizidi mwaka hadi mwaka. Kazi haikuwa kupokea pesa na kufunga samaki kwenye gazeti. Mteja alitaka samaki wake aparwe magamba, atolewe matumbo, achanjwe mbavuni ili mafuta ya kukaanga yaingie, na yote hayo yafanyike yeye akiwa amesimama anatazama. Aliyetaka wa kuanika alitaka apasuliwe kutoka mgongoni, alale bapa. Kisu kibutu humrarua samaki, na samaki aliyeraruka mteja humwachia muuzaji, akahamia meza ya pili.

Visu vya Uingereza vilikuwepo madukani, vizuri na vya bei. Mama alienda Kibuye kwa mafundi wa jua kali. Fundi wake alifua visu kutokana na springi za magari, zile bapa zilizobebana chini ya lori, na alipendelea zilizo nyembamba kwa kuwa hazikumchosha mkono. Moto wake ulikuwa wa mkaa, ukipulizwa na feni iliyozungushwa kwa gurudumu la baiskeli lisilo na tairi, na mvulana wa kuzungusha alikuwa hakosekani. Chuma kilipoiva kikawa chekundu alikigonga, akakirudisha motoni, akakigonga tena, kisha akakichovya katika oili chafu ya injini. Moshi ulipanda, na harufu yake ilikaa kwenye nguo mpaka zifuliwe.

Niliyoipenda zaidi ni hatua iliyofuata. Chuma kilichochovywa hivyo huwa kigumu kupita kiasi, kikidondoka sakafuni huweza kukatika. Kwa hiyo fundi alisugua bapa la kisu kwa jiwe mpaka likawa jeupe, akalaza mgongo wa kisu juu ya kipande cha chuma cha moto, akainama kutazama. Rangi zilianza kutembea zenyewe: kwanza manjano ya majani makavu, halafu kahawia, zambarau, mwisho buluu. Zilitoka mgongoni zikielekea makali. Mgongo ulipofika buluu na makali yangali manjano, alikitupa kisu ndani ya maji. Mgongo ukawa wa kupinda bila kuvunjika, makali yakabaki magumu. Hakuwa na kipimajoto. Joto la manjano ile ni kama nyuzi 220, la buluu linakaribia 300, na yeye alilisoma kwa macho.

"Nyar Yimbo," alimwambia mama, maana Wajaluo humwita mwanamke aliyeolewa kwa kule alikozaliwa, "hiki usikitie samaki kwanza."

"Fundi, wewe fua chuma," mama alimjibu. "Sisi tuliozaliwa jirani na Samia hatufundishwi kisu."

Hakuwa anajisifu bure. Milima ya Samia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ilikuwa na mafundi walioyeyusha mawe wakapata chuma tangu zamani sana, na majembe yao yalivuka hadi kwa Wajaluo, yakatumika kulimia na yakatolewa mahari. Reli ilipofika ziwani Kisumu, Desemba 1901, majembe ya viwandani yakaja kwa mabehewa, na tanuri za Samia hazikuweza kushindana na bei yake. Kilichobaki ni ufuaji wa chuma chakavu. Nyanya yetu wa Yimbo, tuliyemwita dani, alikuwa akisema kwamba jembe jipya halipelekwi shambani likiwa linang'aa.

Kisu kipya nacho hakikupelekwa sokoni kikiwa kinang'aa. Mama alikiosha kwa maji ya moto na sabuni kuondoa oili, akakikausha, kisha akatuma tununue ndizi mbichi za Kisii. Siku hiyo nzima kisu kilimenya ndizi. Kila aliyewahi kumenya matoke anajua utomvu ule unavyotia vidole weusi usiotoka, na chuma hukifanyia vivyo hivyo, ila haraka zaidi. Mama hakuufuta. Aliuacha ukauke kwenye bapa mpaka jioni, akakisuuza kwa maji ya moto, akakipangusa kwa kitambaa, kesho yake akaanza upya. Mara ya kwanza kilitoka na mabaka ya kijivu yasiyopendeza, huku yamekolea na huku hayapo. Mabaka hayo yaliungana pole pole yakawa weusi mmoja wenye ubuluu kwa mbali. Hapo ndipo alipokisafisha vizuri akakichukua Jubilee.

Njia nyingine zilikuwepo, na wanawake walibishana juu yake jinsi wengine wanavyobishana juu ya uganga. Kuna waliochemsha majani ya chai mpaka maji yakawa kama wino, wakayaacha yapoe, wakalaza kisu humo usiku kucha. Weusi wake ulikuwa sawasawa na wa kupendeza, lakini ulikuwa wa juujuu, ukikipangusa unabaki kwenye kitambaa. Jirani yetu aliyezaliwa Mombasa alitumia siki ya moto, kisha akapaka mafuta ya nazi aliyotumiwa na ndugu zake. Yeye alituonea wivu. "Nyinyi mna ziwa la maji matamu," alisema. "Kwetu hewa yenyewe ina chumvi, kisu ukikisahau usiku asubuhi kimeliwa." Alikuwa na haki. Chumvi huupenya weusi na kuanza kuchimba vishimo chini yake, na ndiyo sababu mama, kwa samaki wa kutiwa chumvi, alikuwa na kisu kikuukuu cha peke yake asichokionea huruma.

Kazi ndiyo iliyomalizia rangi. Damu ya samaki na ya nyama huleta buluu na zambarau, na kwenye mwanga wa asubuhi bapa la kisu cha mama lilikuwa na mawimbi ya rangi hizo juu ya weusi wa ndizi. Kisu cha muuza vitunguu na nyanya kilikuwa cha kahawia na kijivu. Cha mama wa matoke kilikuwa cheusi tititi. Wachuuzi walipoazimana visu, na jioni vikakutwa vimelala pamoja kwenye beseni moja, hakuna aliyegombana. Kila mmoja alikitambua chake kwa rangi, na hata cha mwenzake alikijua.

Kisayansi jambo hili si kubwa, ingawa mimi nilikuja kulielewa nikiwa mtu mzima. Chuma kikikutana na maji na hewa hufanya kutu nyekundu, nayo ni kutu ya ovyo: huvimba, hubanduka, hunyonya maji na kuyaweka karibu na chuma kilicho chini, kikazidi kuliwa. Weusi nao ni chuma kilichoungana na vitu vingine, lakini kwa namna tofauti. Tanini iliyomo katika utomvu wa ndizi na majani ya chai hushikana na chuma ikafanya tabaka jembamba, jeusi, lililobana. Asidi ya siki, ya kitunguu na ya nyanya hufanya yake. Tabaka hilo halizuii kutu kabisa, linaichelewesha, na kwa mtu anayefuta kisu chake kila jioni kuchelewesha kunatosha. Faida ya pili ilionekana sokoni kuliko nyumbani. Kisu kitupu kisicho na weusi huacha alama ya kijivu kwenye nyama nyeupe ya samaki, na kitunguu kilichokatwa nacho hunuka chuma. Kikishavaa weusi, hakiachi kitu.

Wakati wa kunoa, mama aligusa makali tu. Jiwe liliacha mstari mwembamba mweupe ukingoni, weusi ukabaki juu yake pasipo kuguswa. Usiku alikipaka mafuta ya mbuta, kidogo sana, kwa ncha ya kidole. Katika mvua za Machi hadi Mei, vidoa vyekundu vikitokea karibu na mpini, alivisugua kwa jivu laini lililochekechwa, pale pale vilipo, kisha ndizi.

Halafu akaja binamu yetu kutoka mashambani kukaa nasi wakati wa likizo. Msichana mwenye bidii, na hakupenda kula bure. Tulirudi tukakuta amesugua kila kitu: sufuria, vijiko, birika, na kisu. Alikuwa ametumia mchanga na kibanzi cha tofali, na kisu kilikuwa kinametameta kuliko siku kilipotoka kwa fundi. Alikishika juu tukione. Sisi watoto tulimtazama mama. Mama alikaa kwenye kigoda, akakipokea, akakigeuza huku na huku, akasema, "Ahsante, mwanangu. Sasa kesho uninunulie ndizi." Asubuhi kisu kilikuwa cha rangi ya machungwa kuanzia katikati. Binamu alimenya ndizi juma zima, na kwa kuwa ndizi zikishamenywa lazima ziliwe, tulikula matoke mchana na jioni mpaka baba akauliza kama tumehamia Kisii. Binamu huyo leo anauza chakula yeye mwenyewe, na visu vyake ni vyeusi kuliko vya mtu yeyote ninayemjua.

Kilichoviondoa visu hivi si kutu. Mbuta, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, alilijaza Ghuba la Winam miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikafunguliwa mjini. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na mji ukabaki na mgongo wazi, yaani mifupa na kichwa vilivyokaangwa mtaani Obunga na kulisha watu wengi wasio na uwezo wa kununua samaki mzima. Ndani ya viwanda, wakataji walivaa makoti meupe na buti za mpira, na visu vyao vilikuwa vya steinlesi vyenye mipini ya plastiki. Umoja wa Ulaya ulipoufunga mlango wake mara kadhaa kati ya 1997 na 1999, kwa hofu ya salmonela na kipindupindu, kisha ya sumu iliyotumiwa kuvua, ukaguzi ukakazwa mpaka kwenye fuo.

Kwa viwanda sina neno. Mahali panaposafishwa kwa maji ya klorini mchana kutwa, chuma cha kaboni hakifai. Klorini hukitoboa kama chumvi ya Mombasa. Neno langu ni juu ya jicho lililoshuka kutoka huko likaja sokoni, ambako hapakuwa na klorini wala ndege ya Ulaya, likaamua kwamba cheusi ni kichafu. Afisa mmoja wa afya alikiokota kisu cha mama mezani kwa vidole viwili, akamwambia akitupe anunue cha kung'aa. Mama alimwuliza kama sufuria za kwake hupikiwa zikiwa hazina masizi chini. Hakujibiwa. Wenzake wengi walitii, wakanunua visu vyembamba vya bei rahisi vilivyoanza kumiminika wakati huo, vilivyopinda kwenye ubavu wa mbuta mkubwa na kupoteza makali kabla ya saa sita mchana.

Tena hata steinlesi imevaa. Chuma hicho, kilichotengenezwa Sheffield mwaka 1913 kwa mikono ya Harry Brearley, huwa na kromi isiyopungua asilimia 10.5, na kromi hiyo hukutana na hewa ikafanya utando wake yenyewe, mwembamba hata hauonekani. Tofauti ni kwamba wake huja bila mtu kuutafutia ndizi.

Kibuye wafuaji bado wapo. Feni ya baiskeli imekwenda na mahali pake pamekuja ya umeme, na grainda inafanya kwa dakika chache kazi ya jiwe. Visu vya springi huning'inizwa vikiwa vyeupe pe, kwa sababu mnunuzi wa siku hizi ndivyo anavyovitaka, na baada ya siku chache baadhi ya wanunuzi huvirudisha. Jumapili moja, siku ya soko kuu, nilimkuta mwanadada mwenye kibanda cha chipsi amekuja na kisu chenye madoa mekundu, amekasirika.

"Fundi, umeniuzia mabati."

"Sista, hicho ni springi ya Isuzu. Unakioshaje?"

"Na waya ya sufuria."

"Basi acha waya. Menya nacho ndizi mbichi, utomvu ukauke, halafu ukikatia vitunguu vya kachumbari usikimbilie kukiosha."

"Ndizi za Kisii unajua bei yake siku hizi?"

"Nunua za Uganda," fundi alisema, akageukia mteja mwingine. "Zina utomvu vilevile."