Maandishi Gizani

Shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa hapa Usagara, Tanga, ana laptopu ya enzi za Windows XP. Humo ndimo alimoandika, kwa vidole viwili na kwa miaka kadhaa, nyimbo za harusi na za kubembelezea watoto alizozipokea vinywani mwa bibi zetu. Wengi wa bibi hao wametangulia mbele ya haki. Nakala nyingine hakuna.

Siku moja kioo kikawa cheusi. Fundi mmoja akaiwasha, akatazama, akakata hukumu: "Hii ishakufa, mama. Niuzie nitoe spea." Shangazi akaifunga kwenye kanga, akarudi nayo nyumbani.

Lakini maiti hapumui, na hii feni yake ilizunguka, kataa ka diski kakapepesa, na ule mlio wa Windows kuamka ukasikika kama kawaida. Mashine ikigoma kabisa kuamka, sisi wa pwani hushuku memori kwanza: hewa yetu ina chumvi na unyevu, kwa hiyo unaichomoa, unasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, unairudisha. Hii ilikuwa imeamka. Tatizo lilikuwa mbele zaidi.

Nikazima taa ya chumba, nikakimulika kioo kwa tochi ya simu, kwa mshazari. Mafaili yakaonekana, hafifu kama kitu kilicho chini ya maji.

"Shangazi, njoo uone."

Akarekebisha miwani. "Kumbe yamo!"

Yamo. Kioo cha aina hii hakitoi mwanga wake chenyewe. Kazi yake ni kuupitisha au kuuzuia. Mwanga hutoka nyuma, na kwenye laptopu nyingi za zama zile ulitoka kwenye mrija mwembamba wa floresenti, unaolishwa na kibao kidogo kinachopandisha umeme. Mrija ukiungua, au kibao kikifa, maandishi huendelea kuchorwa vilevile, ila gizani.

Nilimkumbuka mwana wa Vibambani, Tanga. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Utenzi wa Vita vya Uhuru ukachapwa 1967, Utubora Mkulima 1968. Mwenyewe keshalala, maneno yapo, yanangoja mtu wa kuyamulikia. Je, ni mangapi mengine yamelala makabatini mwetu, na sisi tumeshayasomea hitima?

Tukaazima monita kuukuu kwa jirani, tukachomeka waya wake wa VGA, ule wa pini 15, ubavuni mwa laptopu, tukabonyeza vitufe vya kuhamishia picha. Kila kitu kikajitokeza. Kabla ya jambo lolote tukanakili nyimbo zote kwenye flashi mbili: moja ninayo mimi, nyingine iko kabatini kwake.

Kioo hatujakitengeneza bado. Shangazi anaandika kwa monita ile ya kuazima, na jirani hajaidai. Juzi alinipigia simu: kakumbuka ubeti uliokuwa umempotea.