Goti Jipya, Kazi ya Zamani

Ukiwa na miaka 70 na goti limekataa, watu wanajua unataka nini: kulala bila maumivu, kushuka kwa matatu bila kushikwa mkono, kufika kanisani. Goti la bandia mara nyingi linakupa hayo. Ukiwa na miaka 38, hakuna anayekuuliza unataka nini. Unaambiwa tu ushukuru utatembea.

Kaka yangu ni fundi wa taili. Goti lake la kulia liliumizwa na ajali ya bodaboda akiwa bado kijana. Mfupa ulipona, lakini gegedu, ile sehemu laini inayozuia mifupa kusagana, iliendelea kuisha polepole. Siku hizi akishuka ngazi anashuka upande upande, kama kaa. Kwa kliniki tulikuwa tumezungukwa na mashosho, na mmoja akamuuliza, "Kijana, umemleta mama?"

Alikuwa ameandika orodha kwa simu: kupiga magoti siku nzima kazini, kuchuchumaa, mpira wa Jumapili, kumbeba binti yake hadi orofa ya nne. Daktari aliisoma yote, pole pole. Kutembea, sawa. Ngazi, sawa, ukifanya mazoezi bila kuruka siku. Baiskeli na kuogelea, sawa kabisa. Mpira, achana nao. Kuchuchumaa ni ngumu, kwa sababu goti la bandia kwa kawaida hukunja digrii 110 hadi 120 hivi, na kuchuchumaa hadi chini kunataka zaidi ya hapo. Kupiga magoti hakukatazwi, lakini wengi huona usumbufu, na ngozi karibu na kovu huweza kubaki na ganzi. Kufanya hivyo saa nane kila siku? Daktari alitikisa kichwa.

"Sasa daktari, mimi nitakula nini?"

Hilo swali halikuwa na kisanduku kwa fomu.

Kisha kuna suala la miaka. Goti hilo ni chuma juu na chini, na plastiki ngumu katikati, na plastiki huchakaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba magoti kama 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Kwa shosho, hiyo inatosha kabisa. Kaka atakuwa na miaka 63, na operesheni ya kurudia huwa ngumu kuliko ya kwanza. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2017, ulionyesha kwamba kati ya wanaume waliowekewa goti wakiwa na miaka hamsini na kidogo, hadi 35 kati ya 100 wangehitaji kurudia maishani. Kwa waliopita miaka 70, ni kama 5 tu.

Mamangu aliposikia hayo alisema, "Mwanangu, mshukuru Mungu, kuna wasiotembea kabisa." Ni kweli. Lakini shukrani hailipi kodi. Nadhani vijana wengi hutoka hospitalini na goti zuri na bado wanajiona wamedanganywa, kwa sababu wao walikuwa wakiongea kuhusu maisha na daktari alikuwa akiongea kuhusu maumivu. Afadhali hayo mazungumzo yawe magumu kabla ya kisu.

Kaka ameamua atafanyiwa. Maumivu yamemshinda. Atabaki kupima vyumba, kupiga hesabu ya taili na kutafuta kazi, na vijana wawili watapiga magoti badala yake. Faida itagawanywa kwa watatu.

Pia anatafuta keja nyingine. Ploti anayoishi choo ni cha kuchuchumaa. Zenye choo cha kukalia, kodi iko juu kwa elfu tatu kila mwezi, na hiyo pesa haitaonekana kwa bili ya hospitali.