Jiwe la pinki la baba mdogo

Najua nimepotea humu tangu UE ziishe. Nilikuwa nyumbani Nyabusozi, Biharamulo, na kule kwetu mtandao unashika ukipanda kilimani tu. Sasa nimerudi Mabibo, bumu halijatoka, kwa hiyo muda wa kuwasimulia habari ya jiwe ninao.

Wanaosoma jiolojia mnaijua hii: ukifika kijijini, kila mtu ana jiwe lake kabatini. La baba mdogo lilikuwa la pinki lenye madoa meusi, kubwa kama ngumi. Alilipata akichimba shimo la choo. Kuna dalali alishamwambia ni rubi, atoe laki sita za "kupima", halafu mnunuzi atakuja. Ng'ombe wa kuuza alikuwa ameshachaguliwa, na huyo ng'ombe ndiye ada ya VETA ya mdogo wetu.

"Mwanangu, msomi wetu ni wewe. Sema."

Jamani, presha!

Mimi kilichonijia kichwani si rubi, ni rodonaiti, maana tulikuwa tumeishika maabara. Ni silika iliyoungana na manganizi, na hiyo manganizi ndiyo inayoipa upinki. Jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki la waridi. Warusi wanaichimba milima ya Ural, na jeneza la mawe la malkia wao Maria Alexandrovna kule St Petersburg limechongwa kwa rodonaiti. Pinki na nyeusi pamoja ndiyo sura yake.

Lakini rodonaiti ina tabia moja. Ikikaa kwenye hewa na mvua, manganizi ya juu inageuka nyeusi kama masizi. Ukitaka kuiokota porini usitafute jiwe la pinki, tafuta jiwe jeusi, baya, zito kuliko ukubwa wake, kisha livunje. Upinki uko ndani. Hili la baba mdogo lilikuwa pinki nje na ndani. Nikaanza kulitilia shaka.

Tukapima. Kisu cha jikoni hakikulichora, kwa hiyo si rodokrosaiti, ile pinki nyingine ya manganizi, ambayo ni laini. Ila rodonaiti na feldispa ugumu wake ni karibu 6 zote, kisu hakiwezi kuzitenganisha. Madoa meusi nikayachokoa kwa sindano, yakabanduka vipande vyembamba vinavyong'aa. Huo ni ulanga. Weusi wa rodonaiti hupita kama mishipa, na mara nyingi unachafua vidole.

La mwisho ni uzito, na hapa majirani walishajaa uani. Nilikuwa na kile kimizani cha kuning'iniza cha kupimia mabegi. Nikalifunga jiwe kwa uzi: gramu 540. Nikalizamisha kwenye ndoo likiwa bado linaning'inia: gramu 330. Limepoteza 210. Gawa 540 kwa 210, unapata karibu 2.6. Rodonaiti inacheza kati ya 3.5 na 3.7. Rubi ni 4. Feldispa ya pinki, ile ya kwenye graniti, ni 2.6 hiyohiyo.

Nikamwambia baba mdogo, hii ni feldispa. Inatengenezewa vigae na vyombo vya udongo, lakini huuzwa kwa tani, si kwa ngumi.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu: "Kwa hiyo ya Laizer ndo basi tena?" Watu wakacheka, na yeye akacheka, ila macho hayakucheka. Mnakumbuka Juni 2020, Saniniu Laizer alipouza tanzanaiti mbili za Mirerani kwa shilingi bilioni 7.7. Tangu siku ile hakuna jiwe linalotupwa kijijini. Simlaumu mtu. Ukiwa na ng'ombe wanne na watoto sita, jiwe la pinki si jiwe tu.

Nilimwambia pia kwamba hata lingekuwa rodonaiti, isingelipa ng'ombe. Ni jiwe la shanga na vinyago, bei yake haifiki hata karibu na rubi. Na siku akipata kitu cha kweli, asimlipe mtu wa njiani. Tangu 2019 kuna masoko ya madini, la Geita lilifunguliwa Machi mwaka huo, na madini yanapimwa mbele ya mwenyewe. Kuchimba nako kuna leseni ndogo, ya Watanzania peke yao.

Ng'ombe bado yupo zizini. Dalali alipiga simu mara mbili, baba mdogo akamwambia aje yeye na ndoo ya maji. Hajapiga tena.

Jiwe nimekuja nalo. Nimeliandika namba, mahali na tarehe, nimelifunga kwenye gazeti. Mwenye kipande cha rodonaiti tubadilishane, niko block ileile. Na nyie mlioenda likizo, mlipewa mawe gani mpime?