Kidole Gumba Kisipotee: Namna Tulivyochagua Ampli ya Gitare

Watu wengine wataona kichwa cha maandishi haya na kushangaa. Ampli ni mashini, inatoka ku fabrika za mbali. Imeingia namna gani mu kitabu cha desturi, pembeni ya mambo ya mahari, ya majina na ya kilio? Mimi pia, mbele, ningeliuliza vile. Lakini yale yaliyotufikia mu shirika letu yalinifundisha kwamba desturi inaweza kupotea mu waya na mu bafle, sawa vile inapotea mu kinywa cha mzee asiye na mutu wa kumusikiliza.

Ndugu musomaji, sisi wa Katanga tuko na upigaji wa gitare wa kwetu. Kila mutu anajua jina la Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa mwaka wa 1930 ku Bunkeya. Mu 1952, Hugh Tracey alimukuta Jadotville, njo Likasi ya leo, na kushika sauti yake mu mashini. Wimbo wake «Masanga» ulitembea inchi nyingi, na mu 1969 yeye mwenyewe alifika mpaka ku tamasha la Newport, Marekani. Edouard Masengo na Losta Abelo walikuwa mu njia ile ile. Bosco alikuwa anapiga na vidole mbili tu: kidole gumba kinashika nyuzi nene za chini, kidole cha shahada kinaimba ku nyuzi nyembamba. Ukifunga macho, utasema ni watu wawili wanaongea, mumoja ni mzee, mwingine ni kijana, na hakuna anayemukata mwenzake maneno.

Ni kweli, gitare yenyewe haikuzaliwa kwetu. Ilikuja kutoka mbali, ikaingia mu kambi za wafanyakazi na mu miji ya shaba. Lakini desturi haiko paka kitu mankambo walichokikuta. Ni pia kile walichofanya na kitu walicholetewa. Huko Léopoldville ilikuwa vile vile. Mu 1953, Mubelgiji Bill Alexandre alikuja na gitare ya umeme, na kisha miaka kidogo vijana kama Nico Kasanda, waliyemuita Docteur, na Franco Luambo walikuwa wanaifanya iongee maneno ambayo fabrika haikuyawaza. Tangu pale, orkestra ya kwetu iko na gitare zinazogawana kazi: solo, mi-solo, akompa na besi. Saa ya sebene, kila moja inapita mu nafasi iliyoachwa na nyingine. Juu ya ile njo tunahitaji sauti safi. Sauti zikichafuka, nafasi zinajaa, na sebene inageuka kelele.

Sasa niseme mambo yetu.

Mu shirika letu tuko na mzee mumoja, ni baba mukubwa wangu, ndugu ya baba. Alijifunza gitare akiwa kijana mu kambi ya wafanyakazi, kwa gumba na shahada. Anapiga gitare ya umeme tangu zamani, lakini mukono ni ule ule wa gitare kavu. Kati yetu, ni yeye tu anayebaki na ile mukono. Vijana wetu wanajua gitare vizuri, tena wengine wanamushinda mbio, lakini wote wanapiga na kipande cha plastiki. Na vidole vya baba mukubwa vimeanza kukauka. Asubuhi anaviweka mu maji ya moto mbele ya kugusa nyuzi.

Tulichanga makuta miezi tisa, tukanunua ampli ya kwanza. Mi njo nilikuwa mu kamati, kwa hiyo kosa ni langu pia. Mbele yake kuliandikwa 500 W kwa herufi kubwa za rangi, na taa zilikuwa zinawaka bluu. Vijana walifurahi. Siku ya kwanza kuitumia ilikuwa ku ndoa, watu zaidi ya mia mbili mu sale. Baba mukubwa akaanza pole pole. Watu wa nyuma wakalalamika kwamba hawasikii, kijana mumoja akapandisha sauti. Pale pale ikaanza kukwaruza. Nyuzi nene zikawa sawa gari iliyotoboka eshapema, na zile nyembamba zikazama ndani yake. Mu katikati ya wimbo, baba mukubwa akasimama, akatosha kamba mu gitare, akaniangalia:

— Prof, unasikia kidole gumba yangu?

— Hapana, baba mukubwa.

— Mi pia siisikie. Hii mashini inakula kidole yangu. Sitapiga tena na yeye.

Akaenda kukaa. Ku ndoa zingine mbili alikataa kabisa kuja. Mu roho nilihesabu miaka yake, nikaona haya. Tulisema tunachanga makuta juu ya kumusaidia asikike, na kumbe tulikuwa tumemunyamazisha.

Mi ninafundisha fizika mu sekondari. Ile usiku niligeuza mashini nyuma, nikasoma kibati: volti 220, matumizi 45 W. Nilicheka peke yangu, lakini ilikuwa kicheko cha uchungu. Mashini haiwezi kutosha nguvu kupita ile inayoingia ndani yake. Ikikula wati 45 ku ukuta, haiwezi kutapika 500 ku bafle kwa muda wote wa wimbo. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tano wangelijua. Mimi mwalimu wao nilisoma paka mbele. Tumefundishwa tangu utoto: debe tupu haliishi kuvuma.

Kiisha nilijaribu kueleza kamati, kwa maneno mepesi, sauti safi ni nini. Sauti ya gitare mu waya ni mawimbi madogo sana. Kazi ya ampli ni kuyakuza bila kuharibu umbo lake. Lakini kila ampli iko na dari, sawa nyumba. Wimbi likikua kupita dari, kichwa chake kinakatwa, na sikio linasikia mukwaruzo. Wimbi la nyuzi nene ni kubwa kuliko la nyuzi nyembamba, kwa hiyo ni kidole gumba kinachogonga dari kwanza. Na jambo baya zaidi ni hili: nota mbili zikigonga dari pamoja, zinazaa nota zingine ambazo mupigaji hakuzipiga. Mutu anayepiga nota moja moja hatateseka sana. Lakini yule wa gumba na shahada, ambaye sauti zake mbili zinatembea pamoja saa yote, ataharibikiwa na kila kitu. Baba mukubwa hakusoma fizika, lakini alisema ukweli: mashini ilikuwa inakula kidole.

Kijana mumoja akauliza: basi, tununue wati nyingi? Si hivyo tu. Kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 tu. Sikio linaona tofauti ndogo. Kusudi sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji karibu wati mara kumi. Bafle pia inafanya kazi. Bafle inayotosha desibeli 100 kwa wati moja ku metre moja, ukilinganisha na ile ya desibeli 97, ni sawa umezidisha ampli mara mbili bila kulipa umeme. Na bafle ya kipimo cha 12, njo santimetre 30, inabeba gumba vizuri kuliko kale kadogo.

Wenye kujua wanataja mashini mbili kubwa kwa sauti safi. Ya kwanza ni Fender Twin Reverb, ilianza 1963, iko na lampu, wati 85 na bafle mbili za 12. Ya pili ni Roland JC-120, ilianza 1975, ya transistori, wati 60 mara mbili, nayo na bafle mbili za 12. Zote mbili dari yao iko juu sana. Lakini zote mbili zinakaribia kilo 30, na bei yake si ya shirika la mutaa. Tena lampu zinazeeka, zinaomba kubadilishwa, na kwetu kuzipata ni shida. Mashini nyingine za Marekani zinataka volti 120. Ukizichomeka ku 220 bila transfo, unazizika siku ile ile. Na umeme wetu unashuka. Mangaribi moja nilipima ku nyumba yangu nikapata volti 172. Volti zikishuka, dari ya ampli pia inashuka. Kwa hiyo tulikata shauri: transistori, bafle moja ya 12, wati zisipunguke 60, na makuta kidogo yabaki kwa kununua stabilizatere.

Mbele ya kwenda soko, mujumbe mumoja alileta swali ambalo lilinifanya ninyamaze. Alisema: «Prof, unapenda sauti safi juu ulisoma. Lakini mankambo walipenda mukwaruzo. Angalia likembe, wanaiwekea vibati vidogo kusudi ilie. Angalia Konono N°1 ya Kinshasa.» Alikuwa na haki. Wale wa Konono walitia likembe mu umeme na mashini za kujitengenezea, mukwaruzo wao ukaingia mu muziki, na diski yao «Congotronics» ikapendwa mpaka Ulaya. Siwezi kusema mukwaruzo ni zambi. Nilimujibu hivi: kile kibati cha likembe, mupigaji alikiweka yeye mwenyewe, na alikitafutia nafasi yake. Mukwaruzo wa ampli yetu hakuna aliyeuomba. Desturi si usafi wala uchafu. Desturi ni mupigaji kuchagua. Alitikisa kichwa. Sijui kama nilimushinda, lakini tulienda pamoja.

Mara hii tulibeba baba mukubwa na gitare yake mwenyewe. Muuzaji alitaka kutuonyesha ampli kwa muziki wa telefone. Tulikataa. Na hii njo namna tulivyofanya, ninaiandika juu ya mashirika mengine na makanisa yanayochanga makuta ya watu.

Kwanza, tulisoma kibati cha nyuma mbele ya kuangalia rangi za mbele. Pili, tulipandisha sauti bila kupiga kitu, kusikia kama mashini inanguruma yenyewe. Tatu, tuliweka vifungo vya besi na vya juu katikati, na mwangwi tukaufunga, kwa sababu mwangwi unaficha makosa kama pafumu inavyoficha jasho. Nne, baba mukubwa alipiga gumba kwa nguvu yote, huku shahada ikiimba pole. Tano, tulipandisha mpaka kimo cha sale, si kimo cha magazini, na mimi nikatoka nje, nikavuka balabala, nikasikiliza kutoka kule. Muuzaji alianza kukasirika, watu walijaa ku mulango. Hatukujali.

Ampli mbili za kwanza zilianguka ku jaribio la nne. Ya tatu ilikuwa ya okazio, kitambaa kimepasuka ku kona, rangi imeisha. Baba mukubwa akapiga, akafunga macho. Mimi nilikuwa ngambo ya balabala, kati ya pikipiki na wauza makala, na nilisikia watu wawili wanaongea, mzee na kijana. Nilirudi mbio. Alikuwa bado anapiga. Akasema bila kufungua macho:

— Huyu ananiacha.

Kwa yeye, «kuniacha» ilikuwa sifa kubwa. Ampli nzuri haiongeze neno lake. Inakuacha useme lako.

Tulilipa, tukabeba. Nisidanganye: haiko mashini ya ajabu. Siku umeme unakatika tunategemea grupu, na grupu likichoka ampli nayo inachoka. Vijana wetu wanaopenda kupiga na kelele waliona tumenunua kitu cha wazee. Lakini ku kilio kimoja kilichofuata, baba mukubwa alipiga usiku mpaka karibu ya asubuhi, sauti ndogo, mu kiwanja, na watu wa nyuma kabisa walikuwa wanatikisa kichwa pamoja na kidole gumba chake. Saa ya kunywa chai, kijana wetu wa solo alikuja kukaa chini karibu naye. Aliweka plastiki yake mu mufuko.

— Nkambo, ile ya chini unaipiga namna gani? Leo njo nimeisikia.

Alikuwa amekaa pembeni ya yule mzee miaka mine. Haikuwa kwamba hakutaka kujifunza. Hakuwa amesikia.

Ile neno inanifuata mpaka leo, hata mu klasi yangu. Tunapenda kulaumu vijana kwamba wanatupa desturi. Pengine mara zingine sisi njo tumeweka kati yao na wazee mashini mubaya, halafu tunashangaa kwamba hawajibu. Sasa kila posho mangaribi, kama umeme uko, wanakuwa wawili mbele ya ile ampli iliyopasuka kona. Kijana anapiga polepole, anakosa, anarudia. Mzee, vidole vyake vikikataa, anamuonyesha ku meza kwa kugonga: gumba, shahada, gumba. Na sisi tunaopita inje tunasikia zote mbili.