Je, Kinyago cha "Shetani" Chaweza Kukaa Nyumbani mwa Mkristo?



Wapendwa taifa la Mungu, swali hilo nimeulizwa na wengi tangu akina mama wetu wa WAWATA waliporudi kutoka Arusha. Wengine wameniuliza kwa kunong'ona mlangoni mwa sakristia, kana kwamba kuna msiba. Nimeona heri nilijibu hapa, mchana kweupe, kwa maana limekwisha kuwa kubwa kuliko kinyago chenyewe, ambacho urefu wake hauzidi shubiri moja na nusu.

Akina mama walipita njia ya Nata, lango la Ikoma na Seronera hadi Ngorongoro, na kabla ya kufika Mto wa Mbu wakasimama penye maduka ya vinyago yanayowangojea watalii. Humo walikuta twiga na simba wa mbao kama kawaida, na pembeni rafu nzima ya viumbe wasio na jina: huyu ana kichwa kama boga na jicho moja, yule miguu yake inaota shingoni, mwingine ana vidole vitatu na anajing'ata sikio mwenyewe. Muuzaji akawaeleza kwamba kwa jina la biashara hao ni "mashetani", lakini vijana wa Kizungu wakiwaona hushangilia kwamba ni watu wa sayari nyingine, naye huwaitikia. Hata ameanza kuagiza vingine vyenye macho makubwa na rangi ya kijani kwa ajili yao! Mama mmoja akacheka mpaka machozi, akanunua kile cha jicho moja, akakileta Bweri na kukiweka juu ya kabati la vyombo, karibu na redio.

Juma la pili mtoto wa nyumba ya jirani akashikwa na homa. Alipelekwa zahanati, akapimwa, akakutwa na malaria, akapewa dawa ya mseto, na leo anacheza. Hayo yangetosha. Lakini bibi yake mtoto alikuwa amekiona kinyago kile, akasema maneno, na maneno yakatembea. Alhamisi iliyofuata, sala ya jumuiya ilipofika zamu ya nyumba ile, walikuja watu wanne.

Nianze na jina, kwa sababu hapo ndipo penye mtego. Neno shetani limetoka katika Kiarabu, na huko pwani limetumika muda mrefu kwa pepo wa kila aina, wakali na wapole, hata wa kuchekesha. Wamakonde, wa Mtwara na wa upande wa Msumbiji, walikuwa na masimulizi yao ya viumbe wa porini tangu zamani, lakini mtindo huu wa kuvichonga katika mpingo ni wa juzi tu. Unahusishwa na mchongaji Samaki Likankoa, mwishoni mwa miaka ya 1950, na inasimuliwa kwamba ulianza kwa kazi iliyovunjika mkono, ambayo badala ya kutupwa ikageuzwa kuwa kiumbe cha ajabu. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, akaipenda na kuagiza zaidi. Kwa hiyo mwenye kudhani kwamba vitu hivi vimetoka katika madhabahu ya siri, ajue kwamba vimetoka katika karakana na kupitia dukani.

Na sisi Wakatoliki hatuko mbali na historia hiyo. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt, wa Maryknoll, alianzisha Nyumba ya Sanaa huko Dar es Salaam ili vijana wenye vipaji wapate riziki. Ni jina la Maryknoll lile lile ambalo mapadre wake walifika Musoma mwaka 1946, na wazee wetu wengi walibatizwa kwa mikono yao. Katika Nyumba ile alifanya kazi George Lilanga, Mmakonde aliyefariki mwaka 2005, ambaye mashetani yake yenye masikio makubwa na matumbo ya mviringo yanajulikana mpaka Ulaya na Marekani. Ukiyatazama utaona yanapika, yanabeba watoto, yanagombana kidogo. Ni sisi hasa, isipokuwa vidole vimepungua.

Kuhusu hao watu wa sayari nyingine, vijana wa Ekaristi wameniuliza kama wapo. Padre José Gabriel Funes, Mjesuiti aliyekuwa akiongoza kituo cha Vatikano cha kuchunguza nyota, aliliambia gazeti la L'Osservatore Romano mwaka 2008 kwamba kukubali uwezekano huo hakupingani na imani yetu. Na mapema zaidi, mwaka 1277, Askofu Étienne Tempier wa Paris aliwakataza walimu kufundisha kwamba Mungu hawezi kuumba ulimwengu zaidi ya mmoja. Tusimpangie Mungu mipaka. Lakini kama wapo, sidhani wanauzwa Mto wa Mbu.

Sasa tuje kwenye dhamiri. Katekisimu, namba 2117, inakataza uchawi na uaguzi, na inalaumu hata kuvaa hirizi. Maneno hayo ni mazito, nami siyapunguzi. Swali ni kama mtu anakitegemea kitu kile kimpe nguvu fulani. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu mwenyewe (Hes 21), na nyoka yule yule akavunjwa na mfalme Hezekia, kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia ubani (2Fal 18:4). Shaba haikubadilika katika miaka ile yote. Huyu mama yetu hafukizi kitu. Anapangusa vumbi tu.

Kiongozi mmoja wa jumuiya, mtu ninayemheshimu, alinijibu kwa 1Kor 8: Paulo alikuwa tayari kuacha nyama maisha yake yote asije akamkwaza ndugu aliye dhaifu. Basi mama akichome moto, yaishe. Nimelifikiria jibu hilo kwa siku kadhaa, kwa maana ni jibu zuri. Lakini Paulo akiacha nyama, anapoteza nyama tu; hakuna anayesema kwamba aliwahi kumla mtoto wa mtu. Huyu mama akikichoma kinyago mbele ya majirani, moshi ule utakuwa ushahidi. Watasema: mnaona, alijua. Nasi wa Kanda ya Ziwa tunajua mazungumzo ya namna hii huishia wapi. Akina mama wazee wamekatwa mapanga kwa ushahidi mdogo kuliko huo, mwingine kwa wekundu wa macho tu, ulioletwa na moshi wa jikoni miaka hamsini.

Kwa hiyo nimemwambia asikichome. Wapo pia walioniomba nikakinyunyizie maji ya baraka, nami nimekataa, kwa kuwa ingekuwa njia nyingine ya kukiri kwamba kina kitu. Nyumba yake nitaibariki kama ninavyobariki nyumba yoyote ya waamini, na nyumba ya bibi pia, kama atapenda. Bibi nimekwenda kumsalimu, tukanywa uji. Hakuniambia kwamba amebadili mawazo, lakini alitaka kujua kama ni kweli mpingo huzama majini. Nikamwambia huzama.

Alhamisi hii sala ya jumuiya itarudiwa katika nyumba ile ile, saa kumi na moja jioni. Nitakuwepo. Kinyago kitakuwa mahali pake juu ya kabati, na mama mwenye nyumba ameahidi ndoo ya maji kwa ajili ya yeyote atakayetaka kujionea kama kinazama.