Likizo ya Baiskeli na Treni: Manufaa Yake Darasani

Mwalimu wa shule ya msingi hutakiwa kufundisha mambo mengi ambayo wanafunzi wake hawajapata kuyaona. Mkoani Ruvuma, moja ya mambo hayo ni reli. Mkoa wetu hauna njia ya treni, na watoto wengi wa Songea humaliza Darasa la Saba wakiwa wameijua treni kwa picha tu. Je, mwalimu aridhike na picha hiyo, au atafute namna ya kuuwezesha mkono wa mtoto kupima kile ambacho jicho lake halijakiona? Katika makala haya twasimulia safari moja ya likizo iliyotusaidia kulijibu swali hilo.

Sisi ni mume na mke. Mume ni mkufunzi chuoni, na mke hufundisha Darasa la Tano. Katika likizo ya Juni 2018 tuliazimia kwenda kwa baiskeli hadi Makambako, kisha tupande treni ya TAZARA hadi Mlimba katika bonde la Kilombero. Kutoka Songea hadi Makambako kwa njia ya Njombe ni kama kilomita 300. Tulijitengea siku 5, yaani wastani wa kilomita 60 kwa siku. Mbali na nguo na chakula, tulichukua ramani, daftari mbili, saa, futi kamba, pampu, spana, viraka na solusheni.

Somo la kwanza lilikuwa gurudumu lenyewe. Kipenyo cha gurudumu letu, pamoja na tairi, kilikuwa sentimita 71. Kwa hiyo mzingo wake ni kama sentimita 223. Tulifunga kitambaa chekundu kwenye spoku moja, tukahesabu mizunguko kati ya nguzo mbili za kilomita zilizo kando ya barabara. Hesabu ya karatasi yadai mizunguko 448. Tulipata pungufu kidogo mara moja na zaidi kidogo mara nyingine, kwa kuwa baiskeli haiendi katika mstari ulionyooka, hasa mlimani. Tofauti hiyo ndogo ni somo kubwa: mtoto hufahamu kwamba kupima ni kazi ya uangalifu.

Watu wa njiani walistaajabu kumwona mwanamke juu ya baiskeli yenye mzigo. Katika kijiji kimoja bibi mmoja alimuuliza mke, "Mwanangu, mmekosa nauli?" Akajibiwa, "Nauli ipo, bibi. Tumetaka kuiona nchi." Bibi akacheka, akatukaribisha uji. Watoto waliotuzunguka walipoalikwa kuhesabu mizunguko, wavulana waliishika baiskeli mara moja. Msichana mmoja aliyenyosha mkono aliambiwa na wenzake kwamba kazi hiyo si yake. Mke alimpa usukani, akaisukuma baiskeli hatua kadhaa huku akihesabu kwa sauti, bila kukosea. Jambo hili lisipuuzwe. Msichana asiyeruhusiwa kushika gurudumu hatajifunza mzingo kwa gurudumu, na mwalimu akinyamaza, wavulana ndio watakaogawa vifaa vya darasa lake.

Siku ya tatu, katika miinuko ya Lukumburu, spoku 3 za gurudumu la nyuma zilikatika. Treni ya abiria haikupita kila siku, nasi tulikuwa na siku 2 tu za kuiwahi. Dereva wa lori alitaka kutubeba hadi Njombe. Tulishauriana kwa muda mrefu, maana nauli ya treni ilikwisha kulipwa. Lakini mpango wetu ulikuwa kuandika mabadiliko ya mazao na hali ya hewa hatua kwa hatua, na mpandaji wa lori huona machache. Tulikubaliana kumtafuta fundi kwanza. Tuliikokota baiskeli kwa saa 2 hadi kijiji kilichofuata. Fundi alichomoa spoku katika gurudumu kuukuu, akafunga kijiti kwenye foku ili ncha yake ikaribie ringi, kisha akalizungusha gurudumu. Palipogusa kijiti, alikaza spoku za upande mmoja na kulegeza za upande wa pili. Kazi ile ilichukua muda usiofika saa moja. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitutaka tuthamini maarifa ya watu wa namna hii. Mpelekeni mwanafunzi kwa fundi wa kijiji, naye atajifunza pale jinsi kosa linavyotafutwa na kusahihishwa.

Songea iko kwenye kimo cha kama mita 1,100. Njombe ni kama mita 1,900. Tuliacha mihogo na mahindi, tukakuta viazi mviringo, miwati, misonobari na chai. Asubuhi ya Njombe mikono yetu ilikufa ganzi kwenye breki. Jioni ya siku ya tano tuliingia Makambako, na kesho yake baiskeli zikapakiwa katika behewa la mizigo. Kutoka hapo reli hushuka kupitia mahandaki na madaraja mengi hadi bondeni Mlimba, penye joto na mashamba ya mpunga. Tuliivua sweta moja baada ya nyingine. Njiani tulitazama nguzo za kilomita kwa saa: zikipishana kwa sekunde 90, treni yaenda kilomita 40 kwa saa.

Tuliporudi, Darasa la Tano lilitandaza kamba 2 uwanjani kwa upana wa milimita 1,067, upana wa reli ya TAZARA, na kando yake nyingine 2 kwa milimita 1,000, upana wa Reli ya Kati ya zamani. Watoto waliona wenyewe kwa nini behewa la njia moja haliwezi kupita katika nyingine. Leo mwalimu anaweza kuongeza jozi ya tatu, milimita 1,435, kwa reli ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Wasichana ndio waliokabidhiwa futi kamba.

Mwishoni mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, kwa nini reli haikuja kwetu?" Swali hilo lilitupatia vipindi 2 vya historia. TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ili shaba ya Zambia ifike bandari ya Dar es Salaam bila kupita katika nchi zilizotawaliwa na walowezi na Wareno. Kusini nako kulikuwa na reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza. Mpango ulishindwa, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay imezungumzwa kwa miaka mingi.

Wanachuo wenzetu, si lazima kila mmoja wenu asafiri kilomita 300. Gurudumu, kamba na saa vyapatikana karibu kila kijiji. Kabla ya kuandika maandalio ya somo, tokeni, pimeni, ulizeni wenyeji, muandike. Na swali kama la mtoto yule likija, lipeni muda wake, hata kama kengele imekwisha kulia.