NGUVU NA UAMINIFU: NENO KWA UNAYEKWENDA KWENYE USAILI



Ndugu yangu katika imani, hasa wewe kijana unayesubiri kuitwa kwenye usaili. Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya swala ya Isha hapa Kiomboi, kijana mmoja alinijia na karatasi. Alikuwa anaomba kazi, akataka niwe mdhamini wake. Alikuwa ameshaandika kwamba amefundisha madrasa yetu miaka miwili. Hakufundisha hata wiki moja! Lakini nilimjua baba yake, nikajua magunia ya alizeti aliyouza kumsomesha. Nikaingiwa na huruma, nikatia saini na muhuri wa msikiti.

Kwenye usaili wakamuuliza swali jepesi tu: mtoto asiyeshika somo ulimfanyaje? Hakuwa na la kujibu. Wakanipigia simu: "Sheikh, huyu alifundisha kwako?" Nilinyamaza, kisha nikasema hapana. Kazi akakosa. Nilidhani nimemsaidia, kumbe nimemdhulumu, na muhuri wa msikiti nimeuvunjia heshima. Astaghfirullah.

Tangu siku ile nakirejea sana kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Surat al-Qasas. Alifika Madyan hana kitu. Akawanyweshea mifugo mabinti wawili, kisha akaenda zake kivulini bila kudai malipo. Mmoja wao alipomshauri baba yake amwajiri, alitaja sifa mbili: ana nguvu, na ni mwaminifu. Zingatia hapo. Sifa hizo Musa alizionyesha kisimani, kabla hajajua kama kuna kazi.

Mwajiri wa leo naye anatafuta hizo hizo.

NGUVU ni kuiweza kazi yenyewe. Ndiyo maana Sekretarieti ya Ajira huwapa waombaji mtihani wa mchujo wa kuandika, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Soma tangazo tena na tena. Majukumu ya kazi yameandikwa mle, jiulize kila moja utalifanyaje. Na usiinamishe kichwa ukidhani ndiyo adabu. Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kusimamia hazina za Misri alisema wazi kuwa yeye ni mlinzi na mjuzi. Kusema unaloliweza si kiburi. Kiburi ni kudai usiloliweza. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui.

UAMINIFU unaanzia kwenye karatasi. Beba vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Kama majina yako yanatofautiana kwenye vyeti, lishughulikie kisheria mapema, usingoje siku ya kuitwa. Mnakumbuka mwaka 2017, watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Wamo waliokuwa kazini miaka mingi, wana familia na mikopo. Uongo unaweza kukuingiza ofisini, lakini unakaa nao kiti kimoja.

Kufika kwa wakati nako ni uaminifu. Unayetoka huku kwetu kwenda Singida au Dodoma, usitegemee gari la asubuhi ile ile. Ondoka jana yake.

Na ukikosa, usidhani umedharauliwa. Abu Dharr (r.a.) alikuwa mkweli asiye na shaka, lakini alipoomba madaraka, Mtume (s.a.w.) alimwambia kuwa yeye ni dhaifu kwa jambo hilo, na kwamba hiyo ni amana. Hakupewa, na cheo chake mbele ya Allah hakikupungua.

Yule kijana nilimwita, nikamwomba msamaha. Nikamwambia njoo ufundishe kweli. Akaanza na watoto wa alifu, kila siku baada ya Alasiri. Aliponiletea karatasi mara ya pili, nilisaini bila wasiwasi. Bado anatafuta ajira, lakini sasa akiulizwa ana la kusema, na mimi nikipigiwa simu ninalo jibu.

Nawe mzazi, mwalimu, imamu mwenzangu: kabla hujatia saini, kumbuka kuwa udhamini ni ushahidi.

Allah awafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali, na atujaalie kuwa watu wa amana. Aamin.

Wabillahi tawfiq.